Teksi Malindi kwenda Mombasa: gari halina neno, neno liko kwa simu ya dereva

Nyota mbili kati ya tano, na hizo mbili ni za gari na adabu. Zile tatu zimeenda na simu. Naandika kirefu manake watu wa Malindi na Watamu wengi tunatafuta teksi ya kupeleka wazee hospitali Mombasa ama kumfikisha mgeni eapoti, na ukiuliza utaambiwa tu kuna kijana mzuri ana gari safi, na ni kweli gari ni safi sibishi, lakini hakuna anayekwambia safari inakuwaje mkishapita Msabaha.

Jina lake siweki wala namba ya gari. Ana familia, gari si lake, na hapa Malindi ukitaja rangi ya gari tu watu washajua mpaka anakolala, kwa hivyo hata rangi naruka. Ninachotaka kupima ni kitu kimoja, huyu mtu anafaa kushika leseni ya kubeba abiria au hafai, na wewe ukipanda teksi yoyote ya njia hii unaweza kumpima dereva wako vivyo hivyo.

Mazuri kwanza. Nilimpigia jioni, tukapatana elfu saba kumpeleka mamangu kliniki ya macho Mombasa, kwenda tu, kurudi tungejua mbele kwa mbele manake kliniki haina saa. Alfajiri saa kumi na moja na nusu yuko mlangoni, chai hatujamaliza. Dereva wa Malindi kufika kabla ya wakati! Akateremka, "shikamoo mama", akamshika mkono bi mkubwa akamkalisha nyuma taratibu, akavuta kiti cha mbele ili apate kunyoosha mguu, mkongojo akaulaza pembeni. Gari Noah, viti vimevikwa vitambaa vilivyofuliwa, eisi inafanya kazi, si ile eisi ya kuambiwa fungua dirisha, na mikanda yote inafunga hata ya nyuma ambayo kwa teksi nyingi imesukumwa chini ya kiti huko ikasahaulika. Stika ya bima iko. Nilimuomba nione leseni na PSV yake, ile leseni ya kubeba abiria, akatoa zote bila kununa, hazijaisha muda. Kwa makaratasi huyu ni dereva kamili, na kwa kuendesha pia ana mkono mzuri, gia laini, matuta anayapita kama kuna mayai nyuma.

Sasa simu. Zilikuwa mbili. Moja kwa kile kishikio cha kioo cha mbele, nyingine mapajani. Ile ya kwenye kioo nilidhani ni ramani, nikasema sasa ramani ya nini na njia ya Mombasa ni moja, kumbe ni grupu la madereva, mameseji yanapanda tu, nani yuko wapi, nani ana mzungu wa kutoka Casuarina, polisi wamesimama wapi. Mpaka Msabaha alikuwa anapokea tu na kukata, "niko na wateja nitakupigia", hiyo sina ugomvi nayo sana ingawa hata hiyo ni nyingi. Tulipofika Gede ndo akaanza kuandika. Mkono mmoja kwa usukani, kidole gumba cha mkono wa pili kinakimbia, macho yanashuka, yanapanda, yanashuka, na kila yakishuka gari linasogea kidogo kidogo kwenda katikati ya barabara alafu analirudisha.

Mamangu ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Ndo sababu ya safari. Na yeye ndo wa kwanza kusema, "Huyu yuwaendesha au yuwaandika barua?"

Wanaoijua njia ile wanajua baada ya Gede kwenda Kilifi unapita kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, barabara imenyooka, kumetulia, na hapo ndo madereva hulegea. Lakini barabara yenyewe ni ya kupishana, leni moja kwenda moja kurudi, basi la Lamu linakujia usoni, lori la bidhaa liko nyuma yako linataka kuovateki, na ukingoni huko kuna watu wanatembea kwa miguu manake njia ya miguu ya maana hakuna, wanafunzi, kina mama na madumu, boda ana gunia za makaa zimemzidi upana. Tulikuwa kwa spidi ya kama 80 hivi. Kwa 80 gari linakula mita 22 kila sekunde, hesabu ni yako piga mwenyewe, meseji ya "sawa boss kesho saa tatu nitakuwa hapo" ni sekunde tano ukiwa hodari wa kuandika, hapo tumeshapita zaidi ya mita 100 na mwenye usukani haoni kitu. Ni uwanja mzima wa mpira, goli kwa goli. Shirika la Afya Duniani linasema dereva anayetumia simu yuko kwenye hatari ya ajali karibu mara 4 kuliko asiyetumia, na wanasema pia kuwa ile ya masikioni bila kushika mkononi si salama sana kuliko ya kushika, manake kinachoondoka ni akili sio mkono peke yake. Hilo la pili watu hawapendi kulisikia.

Karibu na Matsangoni boda akachomoza kutoka njia ya vumbi, madumu ya njano yamefungwa huku na huku. Jamaa alikuwa chini na macho. Akainua kichwa, akakanyaga breki, sote mbele, mkanda ukamkaba bi mkubwa kifuani ukamrudisha, alhamdulilahi ulikuwa unafunga. Boda akapita anatupigia kelele na haki yake. Mpaka hapo ningesema haya, binadamu. Lakini ile simu ya mapajani ilianguka chini karibu na pedeli, na huyu ndugu, gari bado linatembea, akainama kuitafuta! Kichwa chote chini ya usukani. Sikuona nywele.

Nikamwambia, "Kaka, si uziweke hizo simu kwanza tufike?"

"Dada usijali, mimi njia hii naijua hata nikifunga macho."

Mama akadakia kule nyuma, "Ndo hayo macho twayataka yawe wazi mwanangu, ya kufungwa ninayo mimi."

Akacheka, akasema samahani mama, akaiweka. Nikashukuru. Hatujafika Tezo simu iko mkononi.

Na hapa ndo penyewe, hapa ndo pamenifanya niandike. Kabla ya Kilifi matatu iliyokuwa inakuja ikatuwashia taa mara mbili. Simu ya mkononi ikaenda chini ya paja, ya kwenye kioo ikapinduliwa, mikono miwili kwa usukani, mgongo umenyooka, mkanda akauvuta vizuri. Tukafika kwa polisi, "habari ya kazi afande", dereva wa mfano kabisa, ungempa zawadi. Tukapita. Daraja la Kilifi hatujalimaliza paja likafunguka simu ikatoka. Kwa hivyo usije ukaniambia hajui. Anajua sheria, anajua hatari, anajua mpaka namna ya kukaa ili aonekane anafaa, na anaweza kukaa hivyo akitaka. Ila hilo analifanya kwa ajili ya afande, sisi tuliolipa elfu saba hatumo.

Mtwapa tukakuta jam. Hapo simu ya pili ikafunguliwa matokeo ya mpira, kumbe ana mkeka wa timu saba na sita zishaingia, akawa ananihadithia kabisa, dada hii moja tu ikija leo sifanyi kazi tena. Mimi sikujali sana hapo manake gari limesimama, ila limesimama linasogea, limesimama linasogea, na Mtwapa watu wanakatiza katikati ya magari na mikokoteni. Haya, tukafika Mombasa salama, akamshusha bi mkubwa kwa adabu ile ile ya asubuhi, akamshika mkono mpaka kwa kiti cha mapokezi. Ndo maana inauma kumuandika. Angekuwa mjeuri ningekuwa nimemaliza kwa mistari miwili.

Nisikilize pia upande wake, manake alinieleza na hakusema upuuzi. Gari ni la mtu, jioni anataka hesabu yake, kuwe na wateja kusiwe. Simu ndo duka lake. Mteja akipiga mara moja hujashika anapigia mwingine, na hilo sote tunajua ni kweli, nani hapa humsubiri dereva asiyeshika simu? Kule kwa grupu nako kazi ikitupwa anayejibu wa kwanza ndo anachukua, ukichelewa nusu dakika imeenda. Kwa hivyo mfumo wenyewe wa kutafuta kazi umejengwa juu ya mtu kujibu haraka, na mtu huyo kazi yake ni kuendesha. Sasa kosa ni la nani? Nitasema la kwake bado, manake usukani alikuwa ameshika yeye, lakini wenye magari na hao wanaotupa kazi kwa grupu wana fungu lao kubwa tu.

Jioni ile nikampigia mwenye gari. Mtu mzima, akanisikiliza, akasema pole sana mamangu nitamwambia. Na alimwambia kweli, manake haikupita saa, kijana akanipigia mwenyewe, "dada nisamehe sana, nimekosa, mwambie mama pia anisamehe". Nikasikia honi nyuma yake. Nikamuuliza uko wapi sa hii. Akasema "niko njiani, napeleka wageni Watamu". Nikakata mimi.

Nina binamu yangu yuko Uingereza anaendesha teksi za kampuni, zile za kuagizwa kwa simu, nikamhadithia kisa hiki akacheka akasema huyo wako kule asingemaliza wiki. Nikamwambia nieleze basi. Kule leseni ni mbili tofauti. Kuna ya kuendesha, ambayo kila mtu anayo, na kuna ya kubeba abiria kwa pesa ambayo inatolewa na kaunsili ya mji, na kaunsili haiulizi unajua kuendesha au hujui tu, inauliza wewe ni mtu unayefaa na kuaminika kupewa watu. Sheria yao hiyo ni ya 1976. Ukishikwa na simu mkononi unaendesha ni pauni 200 na alama 6 kwa leseni, tangu Machi 2017, na alama 12 ndani ya miaka 3 kwa kawaida unafungiwa kuendesha, na kama leseni yako haijafika miaka 2 basi hizo 6 peke yake zinaiondoa. Hata umesimama kwa taa nyekundu ni kosa, hata uko kwa jam. Hapo nikakumbuka Mtwapa. Zamani walikuwa na mwanya, sheria ilikuwa inasema kupiga na kutuma meseji, bas mtu mmoja akashikwa anapiga video ya ajali huku anaendesha, ikafika mahakama kuu 2019 akashinda manake kupiga video si mawasiliano! Wakaiziba Machi 2022, sasa iwe video, iwe picha, iwe kupekua nyimbo, ukishika tu umeingia.

Lakini faini hiyo ni ya mtu yeyote. Dereva wa teksi akimaliza kulipa bado kaunsili inamngoja. Wanaweza kumsimamisha au kumnyang'anya ile leseni ya abiria, ni uamuzi wao, wanamuita ajieleze, na asiporidhika ana siku 21 za kukata rufaa kwa mahakimu. Na ule mwongozo waliopewa na serikali 2020 unasema mwombaji aliyewahi kupatikana na hatia ya simu ya mkononi asipewe leseni mpaka ipite miaka 5. Miaka mitano! Kwa simu. Nilidhani ananidanganya.

Kilichonikaa kichwani zaidi ni swali wanalotakiwa kujiuliza hao wakubwa wa kaunsili wakikaa kuamua. Ni hivi, je, mtu wako unayempenda, awe na hali yoyote ile, ungemuacha asafiri peke yake na dereva huyu, saa yoyote ya mchana au usiku? Kama jibu linaelekea hapana basi asiwe na leseni. Hakuna habari ya gari safi, hakuna habari ya shikamoo. Mimi mtu wangu alikuwa nyuma pale na mkongojo wake, haoni vizuri, mguu hauna nguvu. Kama nisingekuwepo ningemuacha peke yake na huyu kijana mpaka Mombasa? Hapana. Wala sihitaji kufikiria.

Kuna jambo moja la kule ambalo sijakubaliana nalo moja kwa moja. Binamu anasema ukienda kujitetea habari ya watoto, kodi na mkopo haisikilizwi, mahakama zao zilishaamua kuwa riziki ya dereva si hoja, hoja ni usalama wa abiria. Mimi hapo nilinyamaza kidogo. Kwetu ndo kitu cha kwanza tunachosema, msamehe ana watoto. Na ni kweli ana watoto, ukimkatia leseni miaka mitano hapa Malindi anakula nini, utalii wenyewe ni wa msimu, miezi ya mvua mji umelala. Lakini yule boda wa Matsangoni naye huenda ana watoto wanaongoja hayo maji, na hilo hatulisemi manake yeye hatujampanda. Kwa hivyo mimi ningekaa katikati, asinyang'anywe milele, asimamishwe kwa muda unaouma, apelekwe akafundishwe, akirudi apimwe barabarani na mtu asiyemjua, sio kituoni tu. Miezi sio miaka. Akirudia, basi.

Huku kwetu mambo yakoje? Kutumia simu gari likitembea ni faini ya papo hapo shilingi 2,000, iko kwa zile kanuni za makosa madogo za 2016. Madogo. Elfu mbili haifiki hata theluthi ya nauli tuliyolipa siku ile. Ukishalipa imeisha, unarudi barabarani na PSV yako ile ile, hakuna anayekukalisha kikao akuulize bado unafaa au hufai. Ili uipate hiyo PSV unatakiwa cheti cha polisi cha tabia njema, vizuri sana, lakini kile kinaangalia alama za vidole vyako kama una kesi ya jinai, hakiangalii hivyo vidole vinafanya nini mkiwa Gede kwa 80. NTSA, wale wa serikali wa usalama barabarani, wana uwezo wa kusimamisha leseni na kufuta, wamepewa na sheria tangu 2012, ila mjadala wa leseni ya fulani tunausikia gari likishakuwa mtaroni. Na kila mwaka miaka hii tunazika zaidi ya watu 4,000 kwa barabara za Kenya.

Kwa hivyo hukumu yangu, mimi nisiye na kaunsili wala kiti. Nikiweka kwa mizani, upande wa kheri ana ufundi, hanywi, makaratasi sawa, heshima kwa wazee ya kweli sio ya kuigiza. Upande wa pili sio kwamba alishika simu, kushika simu mara moja ningemgombeza tu nikamaliza. Ni kwamba aliambiwa na mama mtu mzima, akakubali, akaomba samahani, na dakika chache mbele akarudia. Ni kwamba aliinama gari likiwa linakwenda. Ni kwamba kwa polisi aliweza. Na ni ile simu ya msamaha aliyonipigia na wageni wamo ndani ya gari. Mtu asiyejua hufundishwa, mtu anayejua na hajali mpaka aone sare, huyo kwa leo hafai kubeba abiria. Ya kuendesha abaki nayo.

Sasa kurudi. Jamaa yetu mmoja alitutafutia mzee wa Malindi ambaye alikuwa ameshusha mtu eapoti, ana Probox. Nimlinganishe naye manake wengi mtataka kujua mbadala. Gari limechoka. Eisi hamna, dirisha la nyuma upande mmoja linateremka nusu, kiti sponji yake imekwisha unakalia chuma. Na alitoza elfu nane, zaidi kuliko Noah, akasema mafuta. Nikaguna nikalipa.

Simu yake moja, ndogo, kabla hajawasha gari aliifunga kwa kijikaratasi cha nailoni akaitia kwa dashibodi akapiga kofi ikafunga. Ikalia njia nzima kule ndani, aliiacha ilie. Mtwapa akaingia kwa sheli, akazima gari, akateremka akaanza kuwapigia wote mmoja mmoja, "ulinipigia nilikuwa kwa usukani, sema", nikasikia kwa masikio yangu akipata kazi ya kesho yake asubuhi hapo hapo, kwa hivyo ile habari ya kuwa usiposhika unalala njaa ina mwisho wake. Kilifi akasimama tena, bi mkubwa na jicho lake limefungwa bandeji akanunua korosho kwa kupapasa na akagombana bei akashinda.

Ana kasoro yake nyingine huyu mzee, mdomo. Anapenda hadithi, na akihadithia anageuka nyuma aone kama umecheka. Hiyo nayo ni kutoa macho barabarani, hata kama haina betri. Mamangu akamwambia, "Mwenzangu, tazama mbele, hizo hadithi zatufika huku huku." Akageuka mbele na hakurudi nyuma tena mpaka Malindi, hadithi zikaendelea anaziambia kioo. Hapo ndo tofauti. Tulichukua zaidi ya saa tatu, mwenye haraka atachukia. Nyota nne, moja nimeipunguza kwa kile kiti.

Mkitafuta teksi ya njia hii, habari ya simu itajeni kabla ya bei, wakati bado anaitaka kazi. Mimi sasa nasema hivi, "kaka nina mzee nyuma, simu itie kwa dashibodi, na kama kuna ya lazima nipe mimi nikushikie nikujibie". Wengine wanacheka lakini wanatoa. Nimeshajibia dereva mmoja wateja wake kutoka Gede mpaka Kilifi, nimempangia mpaka kazi ya harusi, na hakuna aliyekasirika kule upande wa pili. Anayekataa mwambieni asante, mpigie mwingine, magari yako mengi. Ukiwa mgeni umetoka uwanja wa ndege wa Malindi unaenda Watamu ni hivyo hivyo, usione safari ni fupi. Tuktuk za mjini siziandiki leo, hao simu wameibana kwa usukani kabisa na nitahitaji siku nzima.

Mwenye gari la Noah nikikuta umesoma hii, kijana wako ni mzuri na unaweza kumuokoa mwenyewe bila NTSA, mpunguzie hesabu siku za masafa marefu na umkataze simu, alafu panda nyuma siku moja mpaka Kilifi bila kumwambia kwa nini. Ukinijulisha amebadilika nitampanda tena, mchana kwanza, na nitakuja hapa nibadilishe hizi nyota. Kliniki ya jicho la pili ni mwezi ujao na nimeshamwekea mzee wa Probox nafasi, mto wa kukalia naenda nao mwenyewe.